Radhi Kabla ya Hija

Kwetu Msambweni, mtu akinuia Hija huzunguka kwa jamaa na majirani kuomba radhi. Nami nilizunguka, na alhamdulillahi kila mlango nilijibiwa upesi: "Tumekusamehe, daktari, utuombee huko." Ikabaki nyumba moja, Vanga.

Mwenye nyumba hiyo alikuwa askari katika kikosi nilichokitibu nilipokuwa daktari wa jeshi. Bomu la barabarani lilimsaga mguu, nami ndiye niliyeukata ili aishi. Tangu tulipostaafu hunitumia papa mkavu kila Ramadhani, kwa shukrani. Sijapata kumla papa yule kwa raha.

Alinipokea barazani kwa kelele. "Shikamoo daktari! Umefuata na huu uliobaki?"

Nikaomba radhi kwa maneno yale yale niliyowaambia wengine. "Nimekusamehe duniani na akhera," akasema.

Ningeweza kuaga. Lakini tangu utotoni, chuoni tukisoma Kurani, tulifundishwa kwamba haki ya mja haifutiki kwa toba peke yake, na mtu hawezi kusamehe asilolijua. Nikamwambia. Msafara wa siku ile haukuwa zamu yake. Ulikuwa zamu ya mrushaji mpira wetu hodari. Mimi nilikuwa nahodha wa timu ya kriketi, Jumamosi tulikuwa na mechi, nikamwandikia mrushaji yule cheti cha homa, naye mzima wa afya. Ndipo mwenyeji wangu huyu akaingizwa badala yake.

Alijikuna pale mguu unapoishia.

"Mlishinda?"

"Tulishinda."

"Kwa mbali?"

"Kwa mbali."

"Basi hata hamkumhitaji."

Mkewe alileta kahawa, akatuangalia, akarudi ndani. Kahawa haikuguswa.

"Daktari," akasema hatimaye, bila hasira, "ile radhi ya kwanza nairudisha kwangu. Niliyempa ni mtu mwingine."

"Ni haki yako. Nasafiri Jumanne."

"Safiri salama. Ila usinipigie simu. Nikiwa tayari, nitakupigia mimi."

Leo ni Jumatatu. Ihramu zimekwisha kukunjwa, na wanangu wanauliza mbona simu siiweki chini. Namshukuru Mungu aliyenifungua ulimi, ingawa nilichelewa. Baada ya sala ya alasiri sikuomba yule askari anisamehe. Niliomba tu nisije nikamlaumu asipopiga.