Kaburi la Nonie Tangney

Murt Tangney alianza kuchimba makaburi ya kijiji cha Kilgarrow kabla hajaota ndevu, na hakuna aliyewahi kumlipa. Ndiyo desturi ya huko. Mtu akifa, majirani wanabeba sururu na mabeleshi. Wafiwa wanaleta mikate na wiski, kisha wanakaa kando. Mfiwa hagusi udongo. Baba yake alipofariki, Murt alisimama kando ya ukuta wa makaburini huku wanaume wakigombea zamu ya kuingia shimoni, wakitaniana.

Enzi hizo kijiji kilikuwa kijiji. Pale darajani palikuwa na kiwanda cha siagi, na punda wa maziwa walipanga foleni tangu alfajiri. Kiwanda kikafungwa, shule ikafuata, vijana wakaenda Boston na Sydney, siku hizi wanatuma picha tu.

Basi mwezi wa pili akafa Nonie, mke wa Murt. Waliokuja na mabeleshi walikuwa wawili: Dinny Galvin, mgonjwa wa moyo, na Packie Lyne, mgongo umempinda kama mundu. Maziko kesho asubuhi. Mvua ilinyesha ile ya kwao, isiyo na haraka.

"Packie, unachimba au unamkuna ng'ombe?" Dinny akauliza.

"Nachimba, kipofu wewe! Huu mwamba."

"Mwamba gani? Hata kuku angekuwa ameshafika mbali."

Shimo lilipofika magotini, Packie akaketi ukingoni, akashindwa kuinuka. Uso wa Dinny ukawa rangi ya jivu. Murt akaweka chupa ya wiski chini, akavua koti.

"Nipe beleshi."

"Rudi nyuma, Murt."

"Nipe, Dinny. Kona hii yote nimeichimba mimi."

"Wewe ndiye mfiwa, bwana. Unataka isemwe Nonie hakuwa na majirani?"

Murt akatazama nyumba za mteremkoni. Madirisha yote yamefungwa, hakuna moshi hata mmoja.

"Sasa achimbe nani?"

Dinny akatoa simu, akampigia mtu wa majeneza kule mjini.

Likaletwa katapila dogo. Kijana aliyeliendesha alikuwa na adabu zake, alivua kofia, akasema, "Pole kwa msiba, mzee." Kisha akavaa vizibo vya masikio kujikinga na kelele, akaliwasha. Shimo lililowashinda wazee asubuhi nzima likamalizika Packie bado anatafuta pumzi.

Murt aliona meno ya chuma yakiacha mikwaruzo ubavuni mwa kaburi. Zamani yeye na majirani walikuwa wakizisugua kuta kwa beleshi mpaka ziwe laini, hasa marehemu akiwa mwanamke. Akaita. Akapunga mkono kumwambia asimame kidogo.

Kijana akamwona. Naye akampungia, akitabasamu, akaendelea.

"Ameshamaliza, Murt," Dinny alisema taratibu. "Shusha mkono."

Lakini Murt aliendelea kupunga mpaka mashine ikazimwa.