Shangazi Hakati Simu

Shangazi yangu alikuwa opareta wa simu kwa miaka thelathini na moja, katika chumba kisicho na dirisha kwenye ofisi ya ghorofa nne. Ukipiga, yeye ndiye aliyepokea. Kisha ofisi ikanunua mashine ya "bonyeza moja, bonyeza mbili", naye akaambiwa Ijumaa kwamba Jumatatu asije. Mpaka leo jambo hilo linanichemsha damu. Yeye hucheka tu.

Ndiyo maana nilipotakiwa kutengeneza kazi ya sanaa ya kumalizia chuo, nilikwenda kwake. Niliweka simu ya zamani mezani na kibodi pembeni yake. Mgeni anaandika, programu inatafuta neno inalolijua, na jibu linasikika kwenye mkonga wa simu. Isipolipata, inatoa jibu lolote la kuendeleza mazungumzo. Haielewi chochote, masikini. Lakini sauti na majibu yote ni vya Shangazi. Tulimrekodi jikoni kwake, dirisha tumeliziba kwa blanketi: majibu mia mbili na kumi. Ukiandika "nimechoka", anakuuliza, "Pole mwanangu. Umekula lakini?" Ukiandika "sina la kusema", anakwambia, "Hata mimi. Basi tukae kidogo."

Siku ya kwanza ya maonyesho watu walijaa, nami nikavimba kichwa. Mpaka dereva mmoja wa lori, jibaba la watu, alipoandika "kwaheri".

"Bado upo?" simu ikamuuliza.

Akaandika tena kwaheri. "Nakusikia, endelea," ikasema. Mtu kalelewa vizuri, atamkatiaje mama wa watu simu? Alikaa dakika arobaini! Foleni ikaanza kununa. Mwalimu wangu akanivuta pembeni.

"Hiki kitu hakina mwisho," akasema. "Kesho saa nne asubuhi kama hujakirekebisha, kinatoka ukumbini, na wewe umefeli."

Nikapekua faili zote. Jibu la kwaheri halikuwepo. Nikaenda kwa Shangazi nimewaka.

"Shangazi jamani! Majibu yote hayo, kwaheri ukaisahau?"

"Sijaisahau." Alikuwa anamenya viazi, hata hakuinua macho. "Opareta hakati simu. Anakata aliyepiga. Tulifundishwa hivyo siku ya kwanza."

"Nitafeli, Shangazi!"

Akaweka kisu chini. "Mimi mwenyewe sikuagwa, mama. Miaka yote ile, hata mtu mmoja hakupita mlangoni kwangu. Sasa hiyo kwaheri nitaisemaje?"

Hasira ziliniisha papo hapo. Nikamkumbatia na maji yake ya viazi, nikalia mimi, yeye akawa ndiye wa kunibembeleza. Kisha akanisukuma, akaenda kutundika blanketi mwenyewe.

"Washa hicho kidude chako kabla sijabadili mawazo."

Kesho yake saa nne mwalimu alijaribu mwenyewe. Akasikiliza, akashusha mkonga taratibu, akanipa mkono. Nilipogeuka nikamwona Shangazi kwenye foleni, amevaa sketi yake ya kazini na viatu vya kisigino, anasubiri zamu kama wenzake. Ilipofika, akaandika neno moja kwa kidole kimoja: kwaheri. Nilisimama karibu, nikaisikia sauti yake mwenyewe ikimwambia:

"Haya mpenzi, asante kwa muda wote huu. Umefanya vizuri. Weka simu wewe, mimi nitaweka baada yako."

"Asante na wewe," akajibu kwa mdomo, kana kwamba ile mashine ina masikio.

Halafu Shangazi yangu akakata simu.