Bafle ya Kushoto

Nyuma ya nyumba yetu hapa mtaani Keshero wamefungua chumba cha jeux, vile vyumba ambamo vijana wanalipia kucheza mpira na kupigana ndani ya televisheni. Tangu wamefungua, ukuta wangu wa mbao unanguruma. Kelele za vijana nimezizoea. Ninachosema mimi ni ule mngurumo mwembamba wa bafle, yaani spika, iliyounganishwa vibaya, mmmm isiyokatika, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa. Nilikuwa nanyonyesha nilipousikia mara ya kwanza. Nikasema peke yangu, kwa sauti: waya wa sauti umelala juu ya waya wa umeme. Halafu hasira ikanipanda, kabla hata sijajua ni hasira ya nini. Sasa najua. Kaeni niwaeleze.

Nilipokuwa mdogo tuliishi mtaa wa Mabanga, nyumba ya mbao juu ya mawe ya volkano, kama watu wote. Papa alikuwa dereva wa lori. Mama aliuza maharage. Kila juma alipanda Kiwanja, mji wa soko ulio mbali, akalala huko mpaka soko liishe, akarudi ameketi juu ya magunia, sauti imekauka kwa kubishana bei, nguo zinanuka vumbi na moshi wa pikipiki. Aliingia nyumbani akicheka, kabla hajaweka hata mzigo chini. Mimi sikuuliza anacheka nini. Nilitaka tu ashuke, anawe, anishike.

Kiwanja nilikichukia. Mama akienda, tulibaki na shangazi Aziza, dada ya Papa, mwanamke wa sala na wa kitana. Alinisuka kama mtu anayeng'oa magugu. Nikilia alisema, "Kichwa kinacholia ni kichwa chenye kiburi," na kuvuta zaidi. Basi nilikuwa nalala na kitenge cha Mama usoni, nikinusa mpaka harufu iishe, na harufu iliisha kila mara kabla Mama hajarudi.

Siku moja Papa akatua na mashine ya jeux, televisheni ya mgongo mnene na manette za kuchezea, akavipanga kwenye chumba cha mbele.

"Mama Salima," akasema, "biashara imekufuata nyumbani. Ile barabara ya majambazi si ya mwanamuke."

"Na weye unayepita mule mule kila siku, uko na mwili wa chuma?"

"Mwanamuke ni nguzo ya nyumba. Nguzo haitembei."

Shangazi akaitika amina. Na mimi nikaitika, tena kwa nguvu kuliko yeye.

Mwanzoni mambo yalienda. Mama alikaa mlangoni kwenye kigoda, anachambua sombe, majani ya muhogo, anaangalia nani amefungwa mabao ampishe mwenzake. Kisha siku moja umeme ulikatika, ukarudi kwa hasira kama kawaida yake, ukaunguza sauti ya televisheni. Picha ilibaki, bubu. Hakuna anayelipia kucheza mpira wa mabubu. Papa akaenda kwa watu wa sekretarieti, wale wanaopiga chapa hati za watu, akarudi na bafle mbili za kompyuta, visanduku vyeusi vyepesi, vimeungana kwa waya mmoja. Kwa kuogopa wezi, akavipigilia misumari ukutani.

Mnajua nyumba ya mbao. Ukipigilia bafle ukutani, ukuta wenyewe unakuwa bafle. Siku ya kwanza vijana waliweka mchezo wa vita, na bomu la kwanza lilipolipuka, sufuria zote za jikoni zilicheza. Jirani yetu Mama Furaha, ambaye ukuta wake na wetu ni mmoja, alitoka mbio na valizi ya nguo kichwani akipiga kelele, "Volkano! Ardhi inatetemeka, tokeni!" Nusu ya avenyu ilikuwa nje na magodoro kabla mtu hajagundua tetemeko linatoka kwetu. Mama Furaha hakucheka. Alisimama mlangoni, valizi bado kichwani, akamwambia Mama, "Dada, unataka kuniua na moyo?"

Tukapunguza sauti. Ikabaki ile mmmm tu. Na ukiipandisha, mtangazaji wa mpira alikuwa anapasuka koo. Vijana wakaanza kuhamia chumba cha avenyu ya pili. Kambale, mchezaji hodari na mdomo hodari kuliko mikono, aliaga kwa maneno haya: "Mama Salima, hizi bafle zako ziko zinakoroma. Wazilaze, zimechoka."

Ndipo Papa alipotoa hukumu yake wakati wa kufuturu, mkono bado kwenye bakuli la uji. "Kama wateja hawarudi mpaka Idi, nauza jeux. Na weye rudi kwa maharage yako, nimechoka kubishana."

Nilimwangalia Mama. Alikuwa anapuliza uji, uso hauna kitu. Mimi nikahesabu: Kiwanja tena. Kitana tena.

Sikuwa na mwalimu. Nilikuwa na woga, na woga unafundisha haraka. Asubuhi chumba kikiwa kitupu, nilikuwa naingia, nawasha, nasikiliza. Niligundua kwamba mmmm inapungua nikiinua waya wa sauti kutoka kwenye ralonji, waya wa kurefusha umeme, nikauning'iniza mbali, kwenye msumari wake peke yake. Niligundua kwamba mtangazaji anapasuka kwa sababu bafle imepandishwa mpaka mwisho huku mashine inanong'ona. Nikafanya kinyume: mashine iseme kwa nguvu, bafle ipumzike katikati. Sauti ikasafika kama maji yaliyotulia.

Ukuta ulibaki. Nilikwenda kwa watu wanaotengeneza chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, nikaomba vipande vya mpira wa tairi wanavyovisha magurudumu. "Unataka kuendesha wapi?" wakanicheka. Nikang'oa misumari ya Papa, nikaziweka bafle juu ya benchi, kila moja juu ya kipande chake cha mpira, zikitazama masikio ya wachezaji badala ya miguu yao. Nikaweka ule mchezo wa mabomu. Nikakimbia kwa Mama Furaha kuuliza kama amesikia kitu.

"Kitu gani?" akasema, akikagua paa kwa macho. "Kuna kitu?"

Hapakuwa na kitu. Sufuria zilitulia. Nilirudi nyumbani nikiruka.

Lakini kesho yake bafle ya kushoto ilikuwa kimya. Waya unaounganisha sanduku na sanduku ulikuwa umechomoka kidogo, kiasi cha ukucha. Nikausukuma, ikasema. Kesho yake kimya tena. Mtu asiyecheza haelewi hasara yake: mpira ukipelekwa upande ule, mashabiki wanakufa, refa anakufa, unacheza na sikio moja. Kambale, aliyekuja kuchungulia, alisema, "Hapa kwenu kushoto kuna matanga?" akaondoka.

Nikasingizia panya. Nikatega mtego. Nikamshuku Kambale, nikamshuku hata shangazi. Kila asubuhi narudisha waya, kila asubuhi inayofuata umetoka. Mama aliniona nimepiga magoti pale na kuniambia, bila kuacha sombe yake, "Acha, mutoto. Vitu vya umeme vinauwa."

"Siwezi kuacha, Mama. Papa atauza."

"Akiuza, akauze."

"Na weye utaenda."

Nakumbuka mikono yake ilisimama juu ya majani, ikakaa, kisha ikaendelea.

Idi ilipokaribia, niliuzungushia ule waya utepe mweusi wa mafundi, nikaukaza kwa ukanda wa mpira wa tairi, fundo juu ya fundo, mpaka kuufungua kungehitaji kisu. Asubuhi yake bafle ya kushoto ilisema. Na asubuhi iliyofuata. Siku ya Idi chumba kilifurika, wengine wamesimama dirishani, na Kambale akipiga kelele kama yeye ndiye mwenye nyumba: "Sikieni, refa amefufuka!" Papa alipita na kanzu yake mpya akipokea pongezi za bafle ambazo hajui hata zimegeuzwa uso. "Umeona?" akamwambia Mama. "Nilikuambia."

Mama alinipa pande kubwa la nyama, akaninyoosha nywele kwa mkono, polepole. Kiwanja hakwenda tena kufanya biashara. Alikaa kwenye kigoda kile ndani ya zile kelele miaka yote niliyosoma, akiwa amefunga kitambaa kichwani kwa maumivu ambayo Papa aliyaita kichwa cha kike. Sauti yake haikukauka tena kwa kubishana na mtu. Kicheko kile cha juu ya magunia, nikijaribu sasa kukumbuka nilikisikia lini mara ya mwisho, sipati.

Mimi nilifurahi. Nisiwadanganye. Nilifurahi kila siku.

Majuzi Mama alikuja kuona mutoto wangu mchanga, tukakaa hapa, ule mngurumo wa jirani ukipita katikati yetu. Mimi siku hizi nimefungiwa. Nilikuwa nashuka Bukavu na mashua kuuza nguo. Tangu nimejifungua bwana yangu anasema, "Sasa pumzika nyumbani," na watu wote wanaona amesema maneno matamu. Mtu yeyote akiniambia tena nipumzike nitamrushia kitu. Labda ndiyo sababu niliuliza, baada ya miaka yote hii, tena bila kuzunguka.

"Mama, ule waya. Ni weye ulikuwa unachomoa?"

Hakushtuka. "Kila nikiharibu, weye unatengeneza," akasema. "Nikaona basi, Mungu amenipa mutoto fundi."

"Kwa nini hukuniambia niache? Neno moja tu."

"Ningekuambia nini? Kwamba nataka kwenda mbali na weye?" Akamchukua mutoto begani, akampigapiga mgongo. "Na haikuwa hivyo. Nilitaka barabara. Lakini mutoto, huyo anasikia tu kwamba unaondoka."

Mutoto akacheua, tukacheka kidogo, tukaongea mengine.

Kumkasirikia Papa ni rahisi, na namkasirikia. Aliogopa barabara kwa niaba ya mtu ambaye hakuiogopa, akauita woga ule upendo, na labda ulikuwa. Mama mimi siwezi kumkasirikia. Angeweza kuchukua kisu akakata lile fundo. Kisu alikuwa nacho mkononi kila asubuhi, cha sombe. Aliona jinsi nilivyolikaza, akajua nakaza nini, akaliacha.

Nimejiuliza sana, usiku na mchana, mutoto akiwa titini. Ningejua wakati ule ninachojua leo, ningeuacha waya ule uchomoke? Ningependa kuwaambia ndiyo. Lakini yule mutoto wa Mabanga namjua kuliko mtu yeyote. Angelia, angemwonea Mama huruma, halafu angetafuta ukanda wa mpira mgumu zaidi.