Sindano Iliyomfukuza Shangazi

Mguu wangu wa kushoto ulitangulia kufa, wala haukuniaga. Nilikuwa na malaria. Dokta wa lopitali alinichoma sindano ya kinini takoni huku akibishana na mwenzake nani atahamia nyumba za Wazungu walioondoka. Macho yake yalikuwa dirishani. Moto ukashuka mpaka kidole cha mwisho. Toka siku ile unyayo unaburuta chini kama kiatu cha kuazima.

Kwenye kaye yangu, daftari la matibabu, akaandika: "Malaria. Amepona."

Basi mtaa wetu wa Kimanga, pale Uvira, ukatafuta mkosaji mwingine. Kwetu hatafutwi mbali: shangazi yangu, mjane, hana mtoto, iko mulozi, mchawi aliyeula mguu wangu. Baba akamfukuza dada yake mwenyewe, naye akaenda kijiji cha Mutarule na furushi moja. Ndiye peke yake aliyecheka vichekesho vyangu, hata vibovu. Nikabaki kuchekesha ukuta.

Mara tatu nilimpelekea dokta ile kaye.

"Andika tu kwamba ni sindano, shangazi arudi."

"Weye mutoto, unataka wanifunge?"

"Dokta, miye hata mbuzi anakataa nimufunge."

Hakucheka. Alinionyesha mlango.

Halafu waasi wakaingia Uvira. Siku moja wakamkalisha dokta uwanjani, miguu mitupu, wakauliza nani ana shitaka juu yake. Juzi yake karani mmoja alishitakiwa na mtu mmoja tu, wakampiga risasi palepale.

"Weye kilema! Mguu umefanywa hivi na nani?" shefu wao akaniuliza.

Kaye ilikuwa ndani ya shati langu. Dokta aliutazama mguu wangu, kwa mara ya kwanza. Nilitaka akiri. Sikutaka afe. Na maiti haiandiki.

"Ni mpira, shefu. Nilipiga penalti, mguu ukafuata mpira, mpaka leo haujarudi."

Waasi walicheka mpaka wakaegemea bunduki zao. Dokta wakamwachia.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwake na kaye na kalamu. Mlango ulikuwa wazi, kitanda hakina shuka. Jirani akasema amevuka mpaka kwenda Burundi na jamaa yake yote.

Nikafikiri labda uongo wangu utamsaidia shangazi. Nikamwambia baba: si umesikia, ni mpira, si ulozi.

"Toka lini ulicheza mpira?" akauliza, akaendelea kula.

Nilikula pembeni, na kaye mapajani. Kile cha penalti ndicho kichekesho changu kizuri kuliko vyote. Shangazi bado hajakisikia.