Safari ya Uzazi Haitangazwi

Ijumaa moja ya Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi, mwaka juzi, nilimpoteza mwanangu wa kwanza, msichana, kabla hajalia. Mimi nilibaki.

Kabla ya hapo nilikuwa mzima. Nimeolewa kijiji cha Ole, nalima muhogo, msimu ukifika nachuma karafuu. Mimba ilipoingia, muuguzi wa kituo chetu, Bi Zuwena, aliikuta presha yangu iko juu. Akanianzishia vidonge, akawa ananipima mwenyewe.

"Ukienda kwenu kujifungua, niambie," alisema. "Nitampigia simu mwenzangu wa huko akupokee."

Kwetu ni Tibirinzi. Mimba ya kwanza mtu huzalia kwa mamake, na safari ya uzazi haitangazwi, kwa kuogopa kijicho. Mama alinifuata alfajiri. "Usimuage mtu." Nikaondoka kimya. Sikumuaga hata Bi Zuwena.

Kituo kipya walinipima, presha imetulia. Hawakujua kuwa imetulizwa. Nami vidonge vilipoisha nilidhani nimepona. Mama sikuwahi kumwambia, nisimtie hofu.

Miguu ikavimba. Mama akacheka: "Kha! Mwanangu, umevaa maboga?" Kichwa kikawa kinagonga, macho yanaona cheche. Kisha nikaanguka. Nilizindukia hospitali, ulimi nimeung'ata, tumbo tupu.

"Kifafa cha mimba," daktari alisema. "Presha alikuwa nayo tangu lini?"

"Huyu hana presha," mama akajibu.

Maziwa yakaja, mnyonyaji hayupo.

Niliporudi Ole, Bi Zuwena alikuja nyumbani kunipima mpaka presha ikashuka. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ningelimpigia."

Mimba ya pili sikwenda popote. Mama ndiye aliyefunga mizigo akaja Ole. Alhamdulillahi, mwanangu wa kiume sasa anatambaa. Dada zangu, mkihama, muageni anayekujueni, na huko muendako semeni mnameza dawa gani. Kijicho kipo, sikatai. Lakini mwanangu hakuuliwa na jicho la mtu.

Juzi Bi Zuwena amehamishwa. Kabla hajaondoka alinishika mkono akanipeleka kwa binti muuguzi aliyekuja badala yake. Akamweleza yote, presha, vidonge, kifafa, mtoto.

Yule binti akasikiliza, kisha akanigeukia.

"Ulimpa jina?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia, "Salma."