Maneno ya Hatari Niliyompelekea Mama

Neno la kwanza la Kiingereza nililojua kulisoma lilikuwa "danger". Lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya masanduku ya baruti, bandarini Dar es Salaam, miaka michache baada ya Waingereza kumfukuza Mdachi. Mimi nilikuwa mpagazi. Chuo nilikiacha kijijini kwetu Mkongo kabla sijafika nusu ya msahafu, na tangu hapo miguu yangu haijatulia, lakini kila kilichoandikwa nilitaka kujua kinasema nini. Nikamuuliza karani wa ghala.

"Hatari," akasema. "Vuta sigara hapo, tukuokote kwa ufagio."

"Wana neno hilo moja tu?"

Akacheka. "Moja? Hawa wana maneno ya hatari kama sisi tulivyo nayo ya nazi. Kuna kidaka, kuna dafu, kuna koroma."

Basi nikawa namfuata kila wakati wa chakula. Danger, alinieleza, ni hatari iliyokaa mahali pake, ukipita mbali haikufuati. Risk ni ile ambayo mtu huiendea mwenyewe huku anajua. Waingereza husema wanaichukua, kama mtu anayejitwisha mzigo. Threat ni hatari yenye mdomo, hutangulia kusema itakufanya nini. Peril ni ya vitabuni na ya mabaharia. "Wewe ukiitumia watakucheka," akasema. Nilikuwa nikiyarudia kimoyomoyo nikiwa na gunia begani, maana nilikuwa na mtu wa kumpelekea.

Mtu huyo alikuwa mama yangu.

Mwaka wa vita vya maji tulikuwa tunalimishwa pamba katika shamba la jumbe. Kaka yangu alichapwa viboko mbele ya watu kwa sababu alikwenda kuvuna mpunga wake kwanza. Ilipokuja habari ya dawa, maji yaliyochanganywa na mtama na mahindi, kwamba anayeyanywa risasi ya Mdachi itamgeukia maji, kaka hakuhitaji kushawishiwa. Dawa ilikuwa na miiko yake, na mmoja ulikuwa wetu sisi wa nyumbani. Tangu mtu anywe mpaka arudi, nyumbani kwake isitajwe bunduki, wala damu, wala kifo. Atakayetaja amemvunjia mwenziwe dawa, na damu ya huyo mwenziwe iko juu yake. Kwetu hilo halikuwa geni. Sisi ni watu wa mto; mwenzetu akiwa majini, mamba hatajwi nyumbani.

Siku kaka anakunywa, mama alikuwa Mohoro kuuza mikeka. Huko aliwaona askari wa Mdachi wakimpiga mamba. Mamba alikuwa amezama, anaonekana kama kivuli tu. Risasi ikapita ndani ya maji, na mamba akaibuka tumbo juu. Mama hakungoja kuuza mkeka wa mwisho. Alirudi mbio aje aseme, akamkuta kaka ana kibuyu cha dawa shingoni na ana bua la mtama kichwani.

Hayo ya Mohoro alinisimulia baadaye sana. Mimi nilichokiona ni asubuhi ya kuagana. Kaka alikuwa amekaa kwenye kigoda anakula wali, na mama amesimama tu.

"Mama, mbona huniagi?"

"Kula kwanza, baba."

Kisha mama akachota maji kwa kata, akaiweka mbele yake. Akaokota kokoto, akaiangusha mle. Ikashuka moja kwa moja, ikagonga chini. Akamtazama kaka usoni. Akaokota nyingine, akaiangusha vilevile.

"Umeona?"

Kaka akacheka mpaka wali ukampalia. "Jamani, mama leo kawa mtoto! Anacheza mdako!"

"Nakuuliza, umeona?"

"Nimeona, mama. Kokoto."

Akainua kata, akayanywa yale maji, akairudisha chini na kokoto zake zote mbili. Midomo ya mama ilifunguka. Ikafumba. Kaka akatoka na wenzake kuelekea kusini, kwenye vilima vya Wamatumbi.

Mwenzao mmoja aliyerudi alituambia walikwenda wima, wakiita maji, maji, mpaka mbele ya bunduki. Kaka alikuwa mstari wa kwanza. Hatukuletewa hata kibuyu. Ikafuata njaa, tukawa tunachimba mizizi porini, na huko ndiko nilikoanza kuona mama amebadilika. Alikuwa anataja. Ukichukua mtungi atakuambia kuna mamba. Ukichukua jembe atakuambia kuna nyoka, kuna nguruwe, kuna jua la utosi.

"Bibi wee, mimi nakwenda kuteka maji tu!" jirani alimfokea siku moja. "Unaniapiza?"

"Nenda. Lakini yuko, nimekwambia."

Watu wakasema msiba umemharibu akili. Mimi nilipoanza kutangatanga, kila nikirudi aliniuliza jambo moja: huko ulikokuwa, hatari wanaiitaje? Ndipo nikampelekea maneno ya Waingereza. Threat ilimpendeza. "Hiyo angalau ina adabu," akasema, "inapiga hodi." Nilipomweleza risk aliendelea tu kusuka mkeka wake.

Mara ya mwisho nilimkuta hawezi kuinuka, na macho yamekufa. Asubuhi nilikuwa nivuke kwenda Utete.

"Umeleta jipya?"

"Sina, mama. Karani anasema yamekwisha."

"Na yote hayo, hakuna anayekatazwa kuyasema?"

"Hakuna. Huyaandika kwenye masanduku, kwa rangi nyekundu, ili hata asiyejua kusoma aogope."

"Rangi nyekundu," akarudia. Akageukia ukuta. Nikadhani amelala, nikachukua fimbo yangu taratibu.

"Kuna mamba," akasema. "Kuna kiboko. Kuna homa. Kuna askari, na bunduki zao zinaua, maji hayazizuii. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Sema tena."

"Nimesikia."

Niliporudi kutoka Utete walikuwa wamekwisha kumzika.

Siku hizi nikitoka katika nyumba yoyote husimama kidogo mlangoni, kama anayengoja kutajiwa. Wenyeji wangu hudhani nimesahau kitu.