Watoto Aliowatoa Kituyi

Baba yangu Kituyi alipenda majani kuliko watu, na sisemi hivi kwa utani. Mwaka wa 1947, kwenye shamba la Mzungu mmoja karibu na stesheni ya Plateau, yeye ndiye aliyekuwa mtunza maua wa Memsahib, mke wa Mzungu huyo. Maua yenyewe yalikuwa jamii moja tu: yale ya majani membamba yanayoning'iniza mikia, na kwenye ncha ya kila mkia panatokea kichipukizi. Memsahib aliyaita buibui. Alikuwa nayo ya mstari mweupe, ya mstari wa manjano, hata ya majani yaliyojikunja. Baba alimtafutia mengine katika msitu wa Kaptagat, akarudi na matope mpaka magotini, anacheka peke yake. Akipata jani lenye doa geni, tuliitwa wote tukaone. Mimi nikiugua, hakujua mpaka aambiwe na mama.

Vile vichipukizi baba aliviita watoto. Memsahib naye akalishika neno hilo.

Mwaka huo kulikuwa na habari mbaya. Kwenye mashamba ya jirani watu walikuwa wanafukuzwa: anabaki mwanamume aliyeandikwa kazi, mke na watoto watajua wenyewe pa kwenda. Mama yangu, Nekoye, aliomba kitu kimoja tu, tuambiwe mapema. Siku tatu zingemtosha kuvuna mahindi na kutuma neno kwa kaka yake kule Kimilili. Amri za kambi yetu ya wafanyakazi zote zilipitia kwa baba, maana kile Kiswahili kibovu cha Memsahib, yeye ndiye aliyekielewa. Basi kila jioni mama alimwuliza.

"Leo amesema nini?"

"Hakuna kitu, Mama Nasambu," alijibu, akimwita kwa jina langu. "Wewe nawe unapenda kujitia hofu."

Jumatatu Memsahib alikuja penye makopo ya maua, uso umekunjamana. "Kituyi, toa watoto yote. Mwisho Ijumaa. Bwana nataka ile kubwa tu."

"Ndiyo, Memsahib."

Baba akachukua kisu! Siku mbili nzima alikata watoto, akawapanda kwenye madebe nyuma ya nyumba yetu, huku akiimba. Mama alipouliza, alijibiwa ni mambo ya maua tu.

Alhamisi Memsahib akamwuliza, "Watoto yote nakwisha toka?"

"Wote, Memsahib. Hakuna hata mmoja."

"Mzuri sana. Mimi nambia Bwana."

Ijumaa asubuhi nyapara Shitanda alifika na wanaume sita na mafuta ya taa. Alitukuta watoto kumi na tisa tunacheza uwanjani.

"Kituyi, ulisema kambi haina watoto," alisema. "Bwana aliwaona jana jioni, anasema umemdanganya. Nyumba zinachomwa zote."

"Mimi nilidhani ni wale wa maua," baba alisema. Jirani yetu Kipyego, baba wa watoto watano, alimtemea mate miguuni.

Mahindi yalibaki shambani. Mama alimfunga mdogo wangu Namalwa mgongoni, akashika sufuria moja.

"Twende, Baba Nasambu."

Kipande cha baba, kile cheti chake cha kazi, kilikuwa hakijasainiwa; angeondoka, angefungwa. Nilikuwa na miaka kumi na moja na hilo nililijua. Angesema hivyo, ningemwelewa. Lakini alitazama mawingu, akasema mvua inakuja na makopo ya Memsahib yako nje. Akaenda kuyaingiza barazani.

Nilimwita mara mbili. Hakugeuka. Woi, mtu huyo ni baba yangu, na mpaka leo sijamsamehe.